Fatiha Kwenye Shamba la Nanasi

Bibi yangu kaposwa. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na mengine nitapasuka. Siyo mimi. Mimi nipo tu hapa Bagamoyo na cheti changu cha upimaji ardhi na chunusi mpya kidevuni. Aliyeposwa ni Bibi Swaumu, mama yake baba yangu, mjane, mwenye wajukuu wanaojaza majamvi mawili wakikaa kula pilau.

Wazee walikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu zimenyooka kama karatasi, wakaketi barazani, wakanywa kahawa, wakaulizana hali mpaka hali zikaisha. Mama akadhani wamekuja kwangu. Akanibana jikoni, akanivalisha baibui lake jipya, akanipaka wanja kwa kidole. Nikapeleka kahawa macho chini, nawaza huyu ni nani jamani aliyenitumia wazee bila hata kunitumia meseji. Mzee mmoja akapokea kikombe, akaniambia kwa upole, "Ahsante, mwanangu. Bibi hajambo?"

Nikajibu hajambo.

"Mwambie tumemletea salamu za Mzee Haji, fundi saa."

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mchele, nikacheka mpaka wanja ukanichuruzika. Mama kanuna. Ba'mdogo Sharifu, ambaye ndiye mwanamume wa nyumba tangu baba aende kufanya kazi Songea, alikuwa barazani na wageni, kwa hiyo hakuweza kununa. Alinuna walipoondoka.

Sasa nyie hamumjui Mzee Haji. Ana kibanda karibu na soko, upana wake kama kabati la nguo, na anavaa ile miwani ya jicho moja inayomfanya aonekane kama anakuchungulia kupitia tundu la kitasa. Mkewe alifariki miaka mingi. Bibi naye ana saa ya mkononi aliyoletewa kutoka Makka. Mwaka jana ikasimama, akampelekea Mzee Haji, akaitengeneza, akakataa kulipwa. Wiki iliyofuata saa ikasimama tena. Na nyingine tena. Ikawa kila Jumatatu saa ya Bibi inaugua, na Bibi anajifunga kanga mpya, anajipaka udi kidogo, anaipeleka hospitali.

Siku moja Mzee Haji akaiweka Kiswahili. Yaani ikiwa saa nne asubuhi, mshale mfupi uko kwenye nne yenyewe, siyo kwenye kumi kama saa za watu wote. Kamwambia, "Bi Swaumu, kila siku unaangalia kumi unasema nne. Kwa nini usumbuke? Saa ikufuate wewe." Neno hilo Bibi alitusimulia wiki nzima. Tunakula, analisimulia. Tunaanua nguo, analisimulia. Ba'mdogo akashtuka. Akaichukua ile saa kwa siri, akaipeleka kwa fundi mwingine, na huyo fundi akaigeuzageuza akasema, "Kaka, hii saa haina ugonjwa."

Kwa hiyo wazee walipokuja, mimi sikushangaa hata kidogo. Nilishangaa tu kwamba imechukua muda wote ule.

Jioni ile nikamfuata Bibi chumbani kwake. Alikuwa kakaa kitandani anakunja kanga ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyoitana tangu utoto wangu, "naona umenipindua. Baibui nivae mimi, uposwe wewe."

"Ukiwa mvivu wa kwenda kwa fundi saa, utaposwa na nani?"

"Kwa hiyo unakubali?"

Hapo akaikunjua kanga moja, akaanza kuikunja upya. Bibi akirudia kukunja ujue kuna jambo.

"Mzee Haji ana binti yake Dodoma, Tabia," akasema. "Anataka kuja kumchukua kabla ya Ramadhani. Hataki baba yake afuturu peke yake mwaka mwingine. Akishapelekwa Dodoma, Mize, mtu wa umri ule harudi."

"Si ndiyo maana umkubali haraka? Shaabani yenyewe imeshaanza kukatika."

"Siwezi kusema ndiyo kabla sijamwambia mama."

Niwaeleze. Bibi si mtu wa mjini hapa. Kwao ni bara, mbele ya Kiwangwa, kitongoji kilichoitwa Kwamsanja. Na kwao ndoa haifungwi kabla makaburi hayajapewa habari. Unakwenda asubuhi, unafukiza ubani, unasoma Fatiha, unamwambia aliyelala pale: fulani anaolewa na fulani, tupe radhi. Bibi alipoolewa na babu yangu alipelekwa kaburini kwa mama yake, akasema, na mambo yakanyooka. Lakini ilipokuja Operesheni Vijiji watu wote wakahamishwa kupelekwa barabarani, Kwamsanja ikaachwa, pori likaifunika. Bibi alirudi mara moja tu na wanawe, wakazunguka kutwa nzima wakatoka na mikwaruzo. Njia zote alizozijua zilikuwa zimekufa.

"Mume wa kwanza mama alimjua," Bibi akaniambia. "Huyu wa pili nimwingize kwa mlango wa uani kama mwizi?"

Jamani, mimi si ndiyo nimesomea kazi hiyo. Nilitoka chumbani mbio, nikarudi na laptopu yangu na jipiesi ya kazini, kile kifaa cha kukuonyesha ulipo. Bosi wangu ana kampuni ya kupima viwanja, kila siku tuko Mapinga tunagawa mashamba ya watu kuwa viwanja vya watu wengine, na ile jipiesi ya mkononi huwa naondoka nayo. Bibi anaiita "kisimu chako kisichopiga."

Kwenye laptopu nilikuwa na ramani ya zamani, karatasi iliyochorwa kabla ya Operesheni, mwalimu wetu wa chuo alitupigia skani tufanyie mazoezi. Nikaifungua kwenye programu ya ramani, nikaikuza, nikaikuza, nikamvalisha Bibi miwani yake. Vijialama vidogo vya nyumba, njia ya miguu kama uzi, alama ya kisima, na pembeni, kwa herufi nyembamba: Kwamsanja.

Bibi akaweka kidole kwenye kioo, taratibu, kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa.

"Hiki ndicho kisima?"

"Ndicho."

"Basi nyumba yetu hii. Ukitoka nyumbani unakwenda kisimani, mama yuko mkono wa kulia. Nilimpandia mnyaa, ule mti wa utomvu mkali." Akaisukuma miwani juu ya pua. "Nani alimwambia mtu huyu aliyechora kwamba tulikuwa tunaishi hapa?"

"Walipiga picha kwa ndege, Bibi."

"Na sisi tulikuwa chini tunatwanga."

Nikaiweka ile ramani juu ya picha ya satelaiti ili nione pori la sasa. Hapo Bibi akauliza, "Mbona mito iko miwili?"

Kweli, kulikuwa na mto wa kwenye ramani na mto wa kwenye picha, umbo lile lile, mmoja umesimama kando ya mwenzake kama mtu na kivuli chake. Mimi nilikuwa na haraka, nikajibu, "Mmoja wa zamani, mmoja wa sasa. Mito inahama."

"Basi kama waume zangu," Bibi akasema, na tukacheka mpaka Mama akagonga ukuta.

Ningesimama pale nikafikiri kidogo tu, ningejua. Sikufikiri. Nikabonyeza kwenye alama ya kisima, nikaichukua nukta, yaani namba za mahali pale, nikachomeka waya, nikaiingiza kwenye jipiesi, nikampa Bibi aishike.

"Mama yako yuko humu," nikamwambia.

"Mwepesi," akasema.

*

Ba'mdogo alikubali kutupeleka kwa kirikuu chake, kigari cha mizigo, lakini njia nzima alikuwa anaongea na usukani. Bibi alikaa mbele na chetezo mapajani, mimi nyuma kwenye bodi na laptopu nimeikumbatia. Kidirisha cha nyuma kilikuwa wazi, nikawa nasikia kila kitu.

"Mama, mimi sisemi ni haramu," Ba'mdogo anasema. "Nasema watu watasemaje."

"Watasema Swaumu kaolewa."

"Katika umri huu?"

"Ulitaka niolewe katika umri gani, wakati baba yako yuko hai?"

Ba'mdogo akakohoa. Akaongea na usukani mpaka Kiwangwa.

Tukaacha lami, tukaingia njia ya mchanga, mananasi huku na huku, halafu njia ikaisha tukashuka. Nikatangulia na jipiesi. Mshale unaniambia mbele, nakwenda mbele. Kushoto kidogo, kushoto. Bibi nyuma yangu ananifuata na viatu vya plastiki, Ba'mdogo nyuma yake kabeba maji na ubani kwa uso wa mtu anayebeba mzigo wa jirani. Namba zinapungua, naongeza hatua. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyosema. Nitasimama, nitageuka, nitasema: Bibi, hodi nyumbani kwenu.

Jipiesi ikalia. Nikasimama. Nikageuka.

Tulikuwa katikati ya shamba la nanasi. Safi, limepaliliwa, mistari imenyooka mpaka upeo wa macho. Hakuna kisima, hakuna mnyaa, hakuna hata kichaka cha kujisaidia.

"Hapa," nikasema, sauti ndogo.

Bibi akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakubisha. Akatandaza kanga katikati ya mistari, akakaa kwa shida maana majani ya nanasi yana miiba, akawasha ubani. Tukasoma Fatiha, Ba'mdogo akiongoza. Tukasema amina. Bibi akafungua mikono.

"Mama," akasema. "Ni mimi, Swaumu. Nimekuja kukwambia." Akaigusa ile ardhi. Akajaribu tena. "Mama, kuna mtu anaitwa Haji." Halafu akashusha mikono. "Mize, hapa hapana mtu. Naongea na mananasi."

"Shikamoo, Bibi," sauti ikatoka nyuma yetu.

Alikuwa mwanamke wa makamo ya shangazi yangu, kavaa mabuti ya mvua na kofia ya majani, panga mkononi, anatuangalia kama watu walioshuka na mvua. Jina lake Kuruthumu, na shamba lake.

"Marahaba, mwanangu," Bibi akajibu.

"Samahani, nilikuwa nasubiri mmalize dua. Nanasi langu lina nini mpaka lisomewe? Au limeshakufa sijaambiwa?"

Hata Ba'mdogo alicheka, ingawa baadaye alikataa. Tukamweleza. Kuruthumu akatikisa kichwa. Shamba lile alilifyeka baba yake, akasema, na yeye analilima tangu aolewe. Halijawahi kutoa hata kigae cha chungu. "Watu waliishi maeneo haya, nasikia. Ila hapa hapana. Ningeshakutana nao kwa jembe."

Ba'mdogo akapata mlango. Hakusema kwa ubaya, namjua, alisema kwa kuchoka. "Mama, labda ni ishara. Labda mwenyewe hataki kuambiwa."

Neno lile lilimwingia Bibi nikaliona linavyoingia. Kama mtu kazima taa ya chumbani. Akaanza kukunja kanga, pembe kwa pembe, taratibu.

"Haya," akasema. "Twendeni nyumbani. Wazee wakirudi muwaambie Mzee Haji aende Dodoma salama, nimemwombea dua."

"Bibi, subiri."

"Nimesubiri, Mize."

"Bibi, mimi nimekosea mahali, sijui wapi, lakini nimekosea mimi. Siyo yeye."

"Mwanangu, umejitahidi. Siyo kosa." Na akanishika shavu, na hilo ndilo lililonimaliza, maana angenitukana ningevumilia. Nikakaa chini, miiba ikanichoma, sikujali. Nilikuwa nimempotezea bibi yangu mume kwa jipiesi.

Ba'mdogo akauliza, "Saa ngapi? Adhuhuri isitukute njiani."

Nikatoa simu. Kumi na moja na ishirini. "Saa tano na dakika ishirini," nikasema, bila kufikiri, kama mnavyosema nyie wote.

Bibi naye akainua mkono kuangalia saa yake, mazoea tu. Mkono ulikuwa mbele ya uso wangu. Mshale mfupi umeipita tano, mrefu uko kwenye nne. Nikaangalia simu yangu: kumi na moja. Nikaangalia saa: tano. Wakati mmoja, namba mbili, na hakuna iliyokosea. Ila ukiichukua namba ya huku ukaisoma kwa hesabu ya kule, utafika msikitini wameshafunga.

Niliruka nikamwaga maji ya Ba'mdogo.

"Mito haihami," nikasema. "Bibi, mto ni mmoja."

"Kapigwa na jua," Ba'mdogo akamwambia Kuruthumu.

Nikakimbia kwenye kirikuu, nikaweka laptopu kwenye bodi, jua kali sioni kitu kwenye kioo. Bibi na Kuruthumu wakashika kanga ile ile juu ya kichwa changu, huku pembe, huku pembe, nikawa kama bibi harusi anayesuguliwa singo. Nikawaeleza huku vidole vinakwenda. Ramani za zamani na jipiesi hazihesabu kutoka mahali pamoja. Zile za zamani zina mwanzo wao, jipiesi ina mwanzo wake, kama saa ya Mzee Haji na simu yangu. Namba za ramani nilizichukua nikazimwaga kwenye jipiesi bila kuzigeuza. Tulifundishwa hilo chuoni, na nililijibu kwenye mtihani, na nikalipata.

"Na ukaja ukaliacha kwenye karatasi ya mtihani," Ba'mdogo akasema.

"Mwache afanye kazi, Sharifu," Bibi akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nikafungua mipangilio ya ramani, nikaiambia programu: hii isome kwa hesabu ya zamani. Nikabonyeza. Ramani ikajikunja kidogo, ikateleza chini, na ile mito miwili ikasogeleana, ikalaliana, ikawa mto mmoja. Kuruthumu akapiga kofi la pajani, kanga ikamponyoka.

Bibi akainama karibu kabisa na kioo. "Yule wa zamani kaenda wapi?"

"Hajaenda popote, Bibi. Ni huyu huyu."

Akaangalia kwa muda mrefu. "Haya," akasema. "Kaburi?"

Kusini, na kidogo mashariki. Kama mita mia tatu. Ng'ambo ya shamba, kwenye pori ambalo Kuruthumu alisema hajawahi kuliingia kwa sababu ya nyuki. Nikachomeka waya, nikaingiza nukta mpya, na safari hii jipiesi nilimpa Bibi aishike mwenyewe. Kuruthumu akatangulia na panga. Bibi akasema kulia, tunakwenda kulia. Bibi akasema ngojeni, tunangoja. Alikuwa anaishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto.

Kwanza tulikuta shimo, limejaa majani, kingo zake za mviringo. Bibi akasimama. Hakusema ni kisima, hakuwa na haja. Akageuka mgongo ukaelekea kisima, kisha uso, akawa anajipanga, anatafuta nyumba isiyokuwepo ili atoke ndani yake. Halafu akanirudishia jipiesi, akaanza kutembea bila kutuangalia. Na palikuwa na mnyaa. Siyo mche, msitu wa mnyaa, umenenepa, umejizungushia duara, na Kuruthumu alipoukata uwazi kidogo, akikwepa ule utomvu, tukaona mawe ya mto yamelala kwa mpangilio, na kwenye kichwa cha kaburi bakuli la kaure limezama nusu ardhini.

Bibi akapiga magoti akalifuta udongo kwa upindo wa kanga. Lina mstari wa buluu, na ukingoni limemeguka.

"Nililimegua mimi," akasema. "Nilikuwa naliosha, nikaliangusha. Alinichapa mama yangu, akanichapa, halafu akalia yeye." Akacheka. "Alipokufa nikasema abaki nalo."

Ba'mdogo akasoma Fatiha kwa mara ya pili siku ile, na safari hii hakuisoma haraka. Ubani ukafuka ndani ya mnyaa. Bibi akafungua mikono, halafu akamtazama mwanawe.

"Anza wewe. Hakujui."

"Mimi?"

"Alikufa hujazaliwa. Utasimama juu ya kichwa cha mtu bila kujitambulisha?"

Mtu mzima yule, ana mvi za ndevu, akachuchumaa. "Shikamoo, Bibi," akaliambia bakuli. "Mimi ni Sharifu. Mwana wa Swaumu. Wa mwisho." Akaangalia kando, akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Tumechelewa kuja. Tulikuja siku ile tukakukosa. Mama yupo, mzima. Ametulea vizuri. Sasa ameposwa, na mimi nilikuwa na maneno." Akatazama chini. "Sina neno. Ndiyo nilikuwa nataka ujue. Mimi sina neno."

Bibi akamwekea mkono mgongoni. Kisha akaongea na mama yake, na hapo aliongea muda mrefu. Mengine alisema kwa lugha ya kwao, sikuyapata yote. Nilisikia jina la babu, nikasikia majina yetu mmoja mmoja, hata langu, kwamba nimesoma na nina mdomo. Nikasikia Haji. Nikasikia anasema ni mtu wa saa, ana mikono misafi, hapandishi sauti. Akasema, "Kaiweka saa yangu Kiswahili." Kisha akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Hakuna aliyesogea. Nyuki tu.

"Haya," Bibi akasema, akanyoosha mkono tumwinue. "Twendeni."

"Kasema nini?" nikamwuliza.

"Kasema mmekonda."

Nikamwomba asimame kidogo, nikaichukua nukta ya kaburi lenyewe kwenye jipiesi. Ikaniuliza jina. Nikaanza kuandika namba ya kawaida tunayowekaga kazini, Bibi akachungulia akakataa.

"Kwani hilo ndilo jina lake? Andika Mama."

Nikaandika MAMA. Bosi wangu Jumatatu atafungua kifaa chake atakuta kati ya viwanja vya Mapinga kuna mama. Nitamweleza. Kuruthumu akatupa mananasi tukashindwa kuyabeba, akaapa atapalilia uwazi ule kila akipalilia shamba, nyuki wakimruhusu, na akauliza kwa aibu kama na yeye amealikwa. Bibi akamwambia, "Aliyeshika kanga haalikwi, anakuja."

Kurudi, Ba'mdogo hakuongea na usukani. Alikuwa anapiga mluzi.

*

Jumatatu asubuhi Bibi kajifunga kanga mpya, kajipaka udi, nikajua safari. Kumbe siyo yake, yangu. Akavua saa, akanipa.

"Mpelekee Mzee Haji."

"Imesimama tena?"

"Mwambie saa ni nzima."

"Basi?"

"Mwambie hivyo hivyo. Mwambie ni nzima, tangu mwanzo ilikuwa nzima."

Nilikwenda nusu natembea nusu nakimbia. Mzee Haji alikuwa ndani ya kabati lake, jicho moja limezibwa na ile miwani, na pembeni ya miguu yake kulikuwa na begi la safari, limeshafungwa zipu. Nikamwamkia, nikaiweka saa kwenye kioo. Hakuigusa.

"Ina nini leo?"

"Haina kitu, Mzee. Bibi kasema ni nzima. Kasema tangu mwanzo ilikuwa nzima."

Akaivua miwani. Bila ile miwani ana macho madogo, ya mvulana. Akainua simu yake, akatafuta namba taratibu, na mimi nikajifanya naangalia saa za ukutani, ambazo kila moja ilikuwa inasema lake.

"Tabia," akasema. "Hujambo, mama? Lile gari usikodi. Hapana, siumwi. Njoo wewe, na watoto, mje na nguo nzuri." Akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo, huyo huyo wa Jumatatu."

Akakata simu. Akaniambia wazee watakuja kesho baada ya alasiri, kama nyumba itawapokea. Nikasema itawapokea, na kutakuwa na nanasi.

Halafu akavaa tena miwani, akaichukua ile saa, akaifungua mgongo, akapuliza vumbi lisilokuwepo, akaifunga, akaifuta kwa kitambaa, akanirudishia.

"Si nimekwambia ni nzima?" nikamwuliza.

"Najua, mjukuu wangu," akasema. "Lakini leo ni Jumatatu."